Mwaka wa Panya wa Melania

Wasifu wa marehemu uliposomwa haukutaja panya. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wa Nyandira, khanga nimejitanda mpaka puani, maana kule juu Mgeta baridi haijali kama watu wana msiba, nikawa nasubiri. Msomaji akasema Melania alikuwa mkulima hodari wa karoti na njegere, mwanakwaya, mtu wa watu, ameacha mume, watoto na wajukuu. Yote kweli kabisa. Lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja pale Mji Mpya, Morogoro mjini, mwaka mzima, nikasema moyoni: jamani, na panya je? Baada ya mazishi nikamvuta binti yake mkubwa pembeni, nikamwuliza kama mama yao aliwahi kuwasimulia habari za panya. Akanitazama kama mtu ambaye msiba umempanda kichwani. "Panya gani, mama mkubwa?" Loo! Kumbe Melania alikaa na jambo kubwa kama lile miaka yote hii, wala hakuona la kujisifia. Mimi ninaliona. Basi ngoja nijisifie kwa niaba yake, hawezi tena kunizuia.

Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, nimetoka Tabora kuja kushona kola za mashati kiwandani kule Kihonda. Melania alikuwa muuza mboga sokoni. Karoti, kabichi na figili zilimshukia kwa lori kutoka kwao mlimani, naye akaziuza kutwa nzima amekaa juu ya debe. Chumba chetu kilikuwa cha uani, katika nyumba ya Mama Shabani, na kilinuka kotimiri usiku na mchana. Kitanda kimoja, meza moja, jiko la mkaa nje ya mlango, na dirisha dogo ambalo asubuhi ukilifungua unaona milima imekukalia usoni. Mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani ana ruhusa. Nilimwambia Waluguru wamezoea kulima kwenye mteremko mpaka wakitembea barabara ya tambarare wanaanguka. Yeye akanijibu kwamba Wanyamwezi walipita Morogoro zamani wamebeba mizigo ya watu, na mpaka leo bado tunatafuta pa kuitua. Tulicheka sana katika chumba kile. Nikikumbuka tulichokuwa tunakula, ugali na mboga zilizokataliwa na wateja, sijui nguvu ya kucheka tuliipata wapi.

Mwaka huohuo pale stendi ya Msamvu alitokea kijana mmoja anauza panya weupe. Si sumu ya panya, ni panya wenyewe, wadogo, wana macho mekundu, amewatia kwenye maboksi ya viatu yaliyotobolewa matundu. Aliwaita panya wa Kizungu. Abiria wa Dodoma na Iringa waliwanunua kupitia madirisha ya basi pamoja na karanga na mayai ya kuchemsha, na watoto wa mjini wakapagawa. Ukiwa mtoto huna panya mweupe mfukoni wewe hujaenda na wakati. Nilidhani nimeona ujinga wote wa dunia, lakini ule wa kumpa mtu hela akuuzie panya ulinishinda. Ilipofika masika, fasheni ikafa. Akina mama walichoka na harufu, na watoto wakachoka na kusafisha. Tena wale wanyama, ukiwaweka dume na jike katika boksi moja, hawakai bure. Watu wakaanza kuwatupa, jalalani, mtaroni, wengine mtoni. Kijana wa Msamvu naye akahamia kwenye betri za redio.

Siku moja Melania akarudi kutoka sokoni ameloa chapachapa, tenga kichwani, akalitua taratibu mno kuliko mtu anavyotua tenga tupu. "Mtani," akasema, "usipige kelele." Mtu akikuambia hivyo, kelele inakuja yenyewe. Alifunua majani ya kabichi, na chini yake wamejikunyata panya weupe, wamelowa, wanatetemeka. Sikumbuki nilivyofika juu ya meza. "Weee Melania! Toa madudu yako!" Akaniambia si madudu, ni watoto wa watu, amewakuta jalalani nyuma ya soko, vijana wanawapiga mawe. Nikamwuliza tangu lini Mluguru akawahurumia panya, ilhali kwao panya wanawamalizia njegere shambani na yeye mwenyewe amewaua wengi kwa jembe. Hakukasirika. Alichukua kipande cha khanga yangu, khanga yangu nzuri, akaanza kuwafuta mmoja mmoja. "Wale wa shamba tunagombania chakula," akasema. "Wanajua kutafuta, na mimi najua kulinda. Hawa hawajui kutafuta. Wamefundishwa kungoja mkono wa mtu, halafu mkono wenyewe ndio umewatupa." Nikashuka mezani. Sikuwapenda, nisiseme uongo.

Aliwaweka wote kwenye besheni moja ya bati na akawafunika na chekeche. Mimi nilimwambia nimesikia kwamba madume na majike hutengwa. Melania akakataa katakata. Kwao Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba, kaka wa mama. Hilo analijua hata mtoto mchanga. Sasa yeye alikuwa ameshapanga familia mle ndani: huyu mkubwa mwenye sikio lililochanika ndiye mjomba, na wale wengine dada zake na wapwa zake. "Siwezi kumtenga mjomba na wapwa zake," akaniambia, uso mkavu kabisa. Basi mjomba akakaa na wapwa zake. Wiki chache baadaye tukafunua chekeche asubuhi, besheni imejaa vitu vyekundu visivyo na manyoya, vinajinyonganyonga kama vidole vya mtoto. Melania alisimama akaangalia, akahesabu akaacha. Nikamwambia, "Mtani, yule si mjomba. Yule ni baba yao, na nadhani ni baba wa mtaa mzima." Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akafuta machozi, akasema haya, sasa tunahitaji mbao.

Ndivyo Deogratias alivyoingia kwenye maisha yetu. Alikuwa fundi seremala, karakana yake ilikuwa barabara ya pili kutoka kwetu. Melania alimwendea kuomba maranda ya kuwatandikia panya, na vipande vya mbao. Deo alimcheka kwanza, kama kila mtu. Kisha akaja kuona, na aliyekuja kuona panya akawa anakuja kila jioni. Alitengeneza masanduku mawili mazuri yenye milango ya wavu, moja la majike, moja la madume, na madume wanaopigana akawawekea vizuizi. Alikuwa mpole, mikono mikubwa, anaongea kidogo. Yule mzee mwenye sikio lililochanika alimpandia mkononi mpaka begani, naye Deo ananyamaza kimya asije akamtisha. Melania akimwangalia hivyo uso wake unabadilika. Umri wake ulikuwa umesogea kidogo, wenzake wote kijijini walikuwa na watoto mgongoni, na mjomba wake wa kweli, kule Nyandira, alikuwa ameanza kutuma salamu zenye maswali. "Nataka huyu, mtani," aliniambia tukiwa tunamenya karoti. "Simtaki mwingine. Ila akinichukua, anichukue na hawa. Nimeshamwambia." Nikamwuliza Deo kasemaje. "Amesema atawajengea banda." Alisema neno banda kama wengine wanavyosema ghorofa. Nilifurahi mpaka nikaona wivu kidogo.

Nimefanya kazi na watu wengi tangu wakati ule, wakubwa kwa wadogo, na sijaona mtu mwenye bidii ya namna ile kwa kitu kisichoweza kumsifu. Kabla ya kwenda sokoni alikuwa ameshatoa maranda machafu, maana mkojo wa dume unanuka vibaya sana, ameshaosha vifuniko vya maji na kuwapa chenga za mchele na vipande vya karoti. Miguu ya meza aliitumbukiza kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Jua likiwa kali analowesha gunia analitundika dirishani. Kulikuwa na jike mmoja aliyeota uvimbe ubavuni, hawezi tena kutafuna. Melania alimpa uji kwa ncha ya kidole, jioni baada ya jioni, miguu ikiwa imemvimba kwa kukaa sokoni kutwa. Nikamwambia huyu atakufa tu. "Najua," akasema, "lakini leo ana njaa." Watoto wa mtaani wakajua. Wakawa wanakuja uani, mikono nyuma, nyuso za hatia, "Dada Melania, shikamoo, mama amesema nikamtupe." Hakuwagombeza hata mara moja. Alimkalisha mtoto chini, akamwonyesha namna ya kumbeba panya kwa viganja viwili bila kumvuta mkia, akamwacha aage. Wengine walirudi kila wiki kumwona panya wao. Mimi mwenyewe, mwoga wa kwanza, nikaanza kuokota chenga za mchele kiwandani wakati wa chakula na kurudi nazo kwenye leso. Usiniulize kwa nini.

Maneno nayo hayakukosa. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa mwembamba, na jirani akikaanga vitumbua tulisikia kila kitu. "Yule Mluguru anafuga vyeupe. Vya nini, kama si vya kazi?" Kazi gani, kila mtu alijua inayosemwa. Kuna mwanamume mmoja wa heshima zake alikuja mchana kweupe kutaka panya mmoja, dume, asiye na doa. Ameagizwa na mganga. Alitaja hela ambayo Melania angeuza mboga mwezi mzima kuipata. Melania alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamwuliza, "Na wewe kaka yangu, siku ukitupwa, nikuuze kwa nani?" Yule bwana akaondoka mbiombio bila kuaga. Mama Shabani, mwenye nyumba, alikuwa akipita anaziba pua kwa ushungi na kusema siku akimwona mmoja sebuleni kwake, sisi na wao tunahama. Lakini maganda ya viazi alikuwa hayatupi tena. Alituachia mlangoni kwenye sahani, na ukimshukuru anakasirika.

Hatimaye posa ikapangwa. Mama Shabani akatuazima sebule yake. Mjomba akashuka na lori la mboga, mzee mwembamba, koti la baridi mwilini ingawa Morogoro inaunguza, anaongea kwa lafudhi ya mlimani, polepole. Upande wa Deo walikuja wazee wawili na shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Mwanamke safi, mkali, mtu wa sala, kila alipoketi alipangusa kwanza. Mimi nilipika. Pilau ya mchele wa Dakawa, kuku, kachumbari, ndizi. Nilipika kama naolewa mimi. Utaratibu mnaujua. Wageni wanasema shida yao, chakula kinaletwa kimefunikwa, na hakuna mkono unaogusa kitu mpaka binti aitwe aulizwe mbele ya wote: hawa watu unawajua? Walichokileta tupokee? Tule, tusile? Akisema tuleni, sahani zinafunuliwa na vigelegele vinapigwa. Kwa kawaida binti anaona haya, anasema kwa sauti ndogo, na wote wanajua jibu tangu juzi yake. Mimi kama mtani nilikuwa nimesimama mlangoni na vigelegele vyangu viko tayari mdomoni.

Melania akaletwa, gauni la bluu, kitambaa kichwani, akapiga magoti akaamkia wote. Kabla mjomba hajafungua mdomo, shangazi akainua mkono. Akasema wao hawana neno na binti, wamemwulizia sokoni, wamesikia ni mchapakazi. "Lakini kuna hayo mambo meupe anayofuga. Sisi nyumba yetu ni ya sala. Siwezi kuvuka mto kurudi kwetu na binti huyu halafu watu waseme nimeingiza nini ndani. Yamalizwe leo, tuone kwa macho, tule kwa amani." Kisha akageuka, akasema kama anayeagiza chumvi, "Deo baba, kachote ndoo ya maji ya kuyazamishia."

Wote tulimtazama Deo. Melania alikuwa bado amepiga magoti, ameinua uso, anamtazama yeye tu. Nilijua anachongoja, ningekuwa na uwezo ningemsukumia Deo lile neno kooni kwa mikono yangu. Hakuhitaji kugombana na shangazi. Angesema tu, shangazi, ngoja kwanza. Angesema nitawahamishia karakana. Angekohoa hata! Deo aliangalia chini, akaangalia mikono yake, halafu akasimama, akatoka uani. Tukasikia bomba linafunguliwa. Maji yanapiga kwenye ndoo tupu, kisha sauti inakuwa nzito ndoo inavyojaa. Akarudi ameibeba, imejaa hadi ukingoni, akaiweka katikati ya sebule bila kumwaga hata tone.

Mjomba alivuta pumzi. Nilidhani atasema jambo la kuwapatanisha, maana alikuwa ametoka mbali na alimtaka mpwa wake aolewe kuliko mtu yeyote mle ndani. Lakini alifuata utaratibu, neno kwa neno. "Melania, hawa watu unawajua?"

"Nilikuwa nawajua, mjomba."

"Chakula kiko mezani. Tule, tusile?"

"Msile, mjomba."

Hakusema kwa sauti ndogo. Shangazi alisema haleluya kwa mshangao, mzee mmoja akaanza "Binti yangu, hebu..." lakini mjomba alikuwa ameshainua kiganja. Akamwita Deo asogeze ndoo. Deo akaisogeza. Yule mzee akakunja mikono ya koti lake, akanawa taratibu ndani ya ile ndoo, mkono wa kulia, wa kushoto, akajifuta kwa leso yake. "Asante kwa maji, mwanangu," akamwambia Deo. "Nendeni salama. Tumsifu Yesu Kristo." Na wao, kwa mazoea, wakaitika milele amina, na walipokwisha kuitika wakawa hawana la kufanya ila kuondoka. Deo alitoka wa mwisho. Melania hakumtazama tena.

Walipofika barabarani ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, kichwa kwenye mapaja yangu, na mimi niliyetaka kumwambia amefanya jambo kubwa nikaishia kulia naye. "Nilimpenda, mtani," alisema, "nilimpenda kweli." Mama Shabani akaingia, akatuona, akatoka, akarudi na maji ya kunywa. Mjomba alitungoja. Tulipotulia akasema anaomba kuwaona hao waliomshinda seremala. Tukampeleka chumbani. Alichuchumaa mbele ya masanduku kwa muda mrefu, mzee aliyekuwa anaua panya tangu utoto wake, akapenyeza kidole kwenye wavu, na mmoja akaja kukinusa. "Wadogo hivi?" akauliza. Melania akasema ndiyo, mjomba. Mjomba akakivuta kidole taratibu. Kisha akasema, "Mama yako alikuwa hivi hivi. Ukifukuzwa hapa, uje nao. Nyumba yangu ina paa." Tukaenda sebuleni tukala ile pilau, Mama Shabani na jirani wa vitumbua wakiwemo, na mjomba aliomba aongezewe.

Hakufukuzwa. Panya wale hawaishi sana. Walipungua mmoja mmoja kwa uzee, kila mmoja ameshiba, na Melania alipopanda kurudi kwao mlimani hakubaki hata mmoja. Aliolewa huko baadaye na mkulima mwenzake, mtu wa kelele nyingi na moyo mweupe, niliyemkuta juzi amekaa peke yake kwenye tuta la karoti, hataki kula. Deo sina kinyongo naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayechota maji akiagizwa, na Melania alikuwa amepata bahati ya kulijua hilo mapema.

Mimi zamu yangu ilifika Tabora, ukumbini kwa baba. Wageni walikuja na heshima zao, na mmoja wa shangazi za bwana aliyekuja kunichumbia akaanza kusema mwanamke aliyekaa Morogoro peke yake, anajipangia chumba, huwezi kujua alikuwa anaishije. Baba alikuwa anatafuta namna ya kulipita lile neno kistaarabu. Mimi sikumtazama baba, wala shangazi. Nilimtazama bwana mwenyewe. Jasho lilikuwa linamtoka, kanzu imemganda mgongoni, na sauti ilimtetemeka kwa woga aliposema, "Shangazi, nakuheshimu sana, lakini huyo unayemsema ndiye niliyemfuata." Baba akakohoa, akageuka kuniuliza kama hawa wageni nawajua.

"Kuleni," nikasema.